Puli ya DX na Kamba ya Kondoo

Jumatatu, 7 Agosti 2023

Daftari jipya! Nimepewa na Kagwiria, mke wangu. Mchungaji anataka kila mtu aandike kila siku jambo la kushukuru. Basi: nashukuru kwamba mimi si Mukiri.

Kagwiria amechungulia nyuma ya bega langu, akasema hiyo si shukrani. Naanza upya. Nashukuru kwa DX, ile gari ya marehemu ndugu yangu. Imezeeka, lakini inatembea. Jumamosi tunapeleka mahari Mitunguu, kwa akina Kendi, mchumba wa Muthomi. Muthomi ni mtoto wa marehemu. Jana alinishika mkono, akasema hataki makuu. Anataka tu gari la baba yake liingie kwenye lango la wakwe. Nikamwahidi. Machozi yalinilengalenga, siwezi kuficha.

Shida moja tu. Gari linapiga kelele kama nguruwe aliyeshikwa sikio. Mukiri amelichungulia. Huyu ni mjomba wa Muthomi, makanika hapa Nkubu. Anasema raba iliyo ndani ya puli kubwa, lile gurudumu la mikanda kwenye ncha ya krankshafti, mhimili wa injini, imeachana na chuma. Puli inayumba, inatafuna mikanda. Nimpelekee Jumatano, atabadilisha bure.

Bure! Nashukuru kwa kuuona mtego mapema. Wazee bado hawajaamua nani atakuwa msemaji wetu Mitunguu, mimi au yeye. Akitengeneza gari, watamchagua yeye, na atawasimulia wakwe habari za puli mpaka chai ipoe. Nitaifanya mwenyewe. Ni bolti moja tu!

Jumanne, 8 Agosti

Nimeenda Meru mjini kununua puli na mikanda, Mukiri asijue. Nilimwambia Kagwiria naenda kung'oa jino. Muuza spea, Jamaldin, aliniuliza fundi wangu ni nani. Nikamwambia anamtazama. Akanionya kuna kipande kidogo cha chuma, kinaitwa kii, kinachokaa kati ya puli na krankshafti. Kikipotea, puli itazunguka peke yake. Nilimshukuru kwa ile sauti ya kuwashukuru vijana wanaofundisha wazee.

Nashukuru kwa jino langu, ambalo halina shida yoyote. Chakula cha jioni nimepewa uji.

Jumatano, 9 Agosti

Jeki. Gurudumu la mbele kulia, limetoka. Mikanda, imetoka. Rahisi! Nimechora hapa jinsi ilivyopita. Mchoro unafanana na mandazi mawili.

Bolti imekataa. Nikisukuma spana, injini yote inazunguka nayo. Nikamweka Kagwiria ndani akanyage breki. Injini ikazunguka vilevile. Akashauri tumwite Mukiri. Nikasema Mukiri anaumwa tumbo. Papo hapo Mukiri akapita barabarani akipiga mluzi!

Nikakaa chini haraka mahali pa gurudumu. Nikamwambia naosha gari. Aliangalia gurudumu lililolala kwenye migomba, akaangalia mikono yangu.

"Sawa, mzee," akasema. "Ukimaliza kuosha, niite."

Nashukuru kwamba si mtu wa maswali mengi.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimeona video kwenye simu! Unatoa plagi, unaingiza kamba kwenye lile tundu, pistoni inapanda na kuibana kamba, injini inakwama. Bolti haina la kufanya. Kamba tu! Aliyefikiria hivyo abarikiwe, yeye na watoto wake.

Kwa bahati kamba ilikuwepo hapa nyumbani, ya katani. Ilikuwa shingoni mwa kondoo dume wa mahari, aliyeletwa jana kutoka Kibirichia. Mnyama mzuri, mweupe, hana doa hata moja. Ukoo mzima ulimchagua. Nilimweleza ni dakika kumi tu. Aliniangalia kama mtu aliyeelewa.

Kamba ndani. Spana, na paipu ya maji kuirefusha. Nikaning'inia na uzito wangu wote. Kra! Bolti imelegea! Nilipiga vigelegele peke yangu. Puli ikatoka kwa kugongwa kidogo tu. Nilikuwa bado nacheza Kagwiria alipotoka jikoni kuuliza kondoo yuko wapi.

Hayuko kwenye mahindi. Hayuko kwenye kahawa. Hayuko kwa jirani yetu Felicitas, ambaye sasa anajua kila kitu. Muthomi amepiga simu. Nimemwambia kondoo anapumzika.

Nashukuru kwa bolti.

Ijumaa, 11 Agosti

Asubuhi niliomba kondoo wa Felicitas. Ana doa jeusi kwenye paji la uso, lakini nilikuwa na unga wa ngano. Felicitas alinifukuza na ufagio.

Muthomi alikuja kuona gari. Nilimwonyesha puli mpya. Aliishika kwa mikono miwili, akasema baba yake alikuwa akiifuta injini hii kila Jumamosi. Nikaona aibu. Nilitaka kumwambia habari za kondoo. Mdomo ukafunguka, nikamuuliza kama amekunywa chai.

Alipoondoka nikafanya kazi kwa hasira. Puli, mahali pake. Kamba ndani tena, bolti ikakazwa. Mikanda, kwa kufuata mandazi yangu. Nikawasha. Kimya! Inanguruma vizuri, hakuna nguruwe! Kamba imetoka fupi kidogo kuliko ilivyoingia. Kimebaki pia kipande kidogo cha chuma karibu na jeki. Sijui cha nini. Magari ya zamani yalijaa vitu vya ziada.

Gari ninalo. Kondoo sina. Kesho nitamwambia ukweli mbele ya wote. Leo sina shukrani.

Jumamosi, 12 Agosti

Asubuhi nilikuwa nimevaa suti na aibu. Pikapu ikaingia. Mukiri! Nyuma amesimama kondoo, ameogeshwa, anang'aa! Tangu Alhamisi alikuwa kwenye gereji yake, na Mukiri hakumwambia mtu.

"Mzee," akaninong'oneza, "huyu alikuja kuniuliza kama umemaliza kuosha gari."

Nilimkumbatia. Nilimkumbatia na kondoo, nikamrudishia kamba yake. Mukiri aliinama karibu na jeki, akaokota kitu, akaanza kunieleza jambo. Nikamkatiza, tumechelewa!

Tukateremka kuelekea Mitunguu, mimi mbele na Muthomi na wazee wawili, Mukiri nyuma yetu na kondoo kwenye pikapu. Harufu ya katani iliyoungua. Moshi. Wazee wakaziba pua kwa kofia. Halafu, lango la wakwe likionekana na kina mama wakiimba, taa nyekundu ya dashibodi ikawaka, usukani ukawa mzito, mikanda ikalia. Nikasimama. Puli ilikuwa imeanza kuzunguka peke yake. Muthomi aliangalia lile lango. Afadhali angenitukana.

Mukiri alilala chini ya gari na suti yake ya harusi. Alitoa mfukoni kile kipande changu cha ziada. Kii! Akaomba kamba. Tukaitoa tena shingoni mwa kondoo, na safari hii Mukiri alinipa mimi kazi ya kumkumbatia kondoo. Nusu saa. Akajifuta mikono, akanirudishia ufunguo.

DX ikaingia langoni. Muthomi aliweka kiganja kwenye dashibodi mpaka tukasimama, akilia bila kujificha. Mimi pia. Wazee walipouliza nani atasema, Mukiri akasema Mbae, yaani mimi, maana yeye amechafuka, hawezi kusimama mbele ya wakwe. Nilisema dakika arobaini. Nilimshukuru kila mtu. Puli sikuitaja.

Jumapili, 13 Agosti

Nimejaa shukrani mpaka kooni! Muthomi alinipigia asubuhi, akasema jana baba yake alikuwepo. Nimekaa na maneno hayo siku nzima.

Na yote ni kazi ya Mukiri. Nilimkosea mtu huyu. Utamshukuruje mtu wa namna hiyo? Kagwiria anasema nimwambie asante. Asante tu! Mtu aliyelala kwenye vumbi na suti!

Nimefikiri njia bora. Pikapu yake iko hapa uani. Ameiacha, amekwenda na Kagwiria kumwona mama Muthomi mpaka jioni. Alipoizima nilisikia kasauti kadogo, kiii. Makanika hawapati muda wa kutengeneza magari yao. Atafurahi sana!

Gurudumu limeshatoka. Mikanda imeshatoka. Bolti imekataa, lakini sasa najua dawa yake. Kamba ya kondoo ilibaki Mitunguu. Kwa bahati nzuri, ng'ombe wa maziwa wa Kagwiria amefungwa kwa kamba ndefu, nzuri, ya nailoni.

Nimemweleza ni dakika kumi tu.