Shafti Iliyokataa Kutulia

Jumatatu, 5 Agosti

Hili sijamwambia mtu, wala sitamwambia: leo asubuhi nimeficha vyuma vya V vya karakana ya Mjomba. Viwili tu, vizito kama matofali, kila kimoja kina mfereji wa V mgongoni. Shafti, ile nondo nene ya duara, ikilazwa humo na kubanwa haigeuki ng'o, hata mashine iikate vipi. Sasa viko chini kabisa ya pipa la mabaki ya chuma.

Sababu ninayo. Mjomba katangaza kwamba Ijumaa mimi na binamu yangu kila mmoja atakata mfereji mnyoofu kwenye shafti ya pampu. Mshindi anabaki na mashine. Mshinde anahamia kaunta, kupokea wateja na simu. Simu! Shuleni nimefundishwa lugha mbili, na zote mbili hunikwama kooni nikisikia "haloo".

Binamu tunamwita Spika. Hanyamazi hata akinywa maji. Kaunta inamfaa yeye. Namfanyia hisani tu.

Jumanne, 6 Agosti

Spika kaniuliza vyuma vya V viko wapi. Nikasema sijui. Akataka kujua mbona napepesa macho kama taa mbovu. Nikasema vumbi.

Halafu ndipo nikang'amua: nikivitoa mimi, wataniuliza nimevipata wapi. Kwa hiyo hata mimi sina. Akili nyingi!

Jumatano, 7 Agosti

Mazoezi ya siri, wenzangu wakiwa wanakula. Jiriwa ya mashine, kile kibanio chake, ina meno bapa, shafti ni duara, basi zinagusana kwa kamstari tu kila upande. Nikakaza hadi mkono ukaniuma. Nikawasha. Kisu kilipogusa, shafti ikajipindua kama mtu anayekataa kuamshwa. Nikaizungushia msasa. Ikageuka pamoja na msasa wake.

Nikakata kandambili ya mkaza mjomba, nikaweka vipande pande zote mbili. Ikatulia! Sekunde tatu. Kisha kipande kikafyatuka, kikatua kwenye chai ya Mjomba. Akarudi, akainywa. Akasema leo imekolea.

Jioni kaja mnunuzi wa vyuma chakavu. Kachukua pipa. Lote! Nikamsaidia kusukuma mkokoteni. Ningemwambia nini?

Ijumaa, 9 Agosti

Spika kaanza. Kailaza shafti kwenye mfereji mrefu wa meza ya mashine yenyewe, kaibana kutoka juu kwa vibano viwili. Mfereji ninaoupangusa kila jioni! Kakata huku anasimulia mechi ya juzi. Mnyoofu kama rula.

Mimi: jiriwa, kandambili ya pili, na dua. Mfereji ulianza vizuri, ukapinda, ukaizunguka shafti kama nyoka anayepanda mti. Mjomba akaiinua kwenye mwanga. Kisha akauliza kama nilikuwa natengeneza shafti au skrubu. Spika akacheka hadi akakaa chini. Mkaza mjomba hakucheka. Alikuwa peku.

Jumamosi, 10 Agosti

Kaunta. Kiti kinalia. Simu ipo, nyeusi, inanitazama.

Mjomba ana hakika vyuma vyake vya V vimeibwa. Kaniletea orodha ya wauza vyuma chakavu wote. Niwapigie mmoja mmoja, nivieleze hivyo vyuma kwa sauti kubwa, maana wengine hawasikii vizuri. Kumi na saba!

Ningeweza kukiri. Ni neno moja tu: nilivificha mimi. Sawa, ni mawili, yote ya hatari. Ila nina mpango bora, usio na kasoro kabisa: nimepoteza sauti. Kitambaa nimeshajifunga shingoni. Kikohozi nimekifanyia mazoezi chooni, kinatisha. Wiki moja bila neno, wateja watachoka kuonyeshwa ishara, Mjomba mwenyewe atanibembeleza nirudi kwenye mashine. Safari hii hakuna kinachoweza kwenda mrama.

Nyayo. Buti za Mjomba hizo. Shajara droo ya chini. Droo imekwama! Basi shajara naikalia