Kisu cha Kumwonyesha Mwalimu

Jamani, leo nimeaibika vibaya. Niko nyuma ya kibanda changu, nimejifunika leso kichwani, nawaandikia kabla hamjatumiwa ile video.

Kwa wasionijua: mimi ni Mama Tabby, nashona akala soko la Kariokor. (Ndiyo, viatu vya tairi. Msianze.) Alasiri nafunga kibanda naenda kusomea diploma ya uhusiano wa kimataifa, chuo kimoja huko mjini. Niliingia kwa sababu wateja wangu wengi hutoka nchi za nje, nikataka kujua huko kwao wanagombania nini. Mwaka wa pili unaisha na bado sijajua.

Shida yangu ni kitu kinaitwa konstraktivizimu. Nimekifeli mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa kukieleza. Mara ya pili nilishindwa hata kukitamka. Wiki jana mwalimu wetu, Daktari Wanyonyi, akaniambia mbele ya darasa zima, "Mama, Alhamisi uje na mfano kutoka maisha yako mwenyewe. Ukishindwa, hufuzu mwaka huu."

Na mimi nilishatangazia soko zima kwamba nafuzu. Mama mkwe ameshashonesha kitenge!

Alhamisi ndiyo leo. Asubuhi nimekaa kibandani, kitabu kwa goti moja, tairi kwa goti la pili. Kitabu kinasema mataifa hayazaliwi maadui. Yanakuwa maadui au marafiki kulingana na yanavyochukuliana na yanavyotendeana. Silaha ya rafiki haikukoseshi usingizi. Ya adui inakukosesha, hata iwe ndogo. Nikasoma mara nne. Kila neno peke yake nalielewa. Yakikaa pamoja, giza totoro.

Hapo ndipo jirani yangu Baba Shiro akaja kunisimulia kituko cha kanisani kwao. Baba Shiro akisimulia mikono haitulii, na mkononi alikuwa na kile kisu chake kirefu cha kukatia tairi. Kikapita karibu na pua yangu. Kikarudi tena. Mimi nacheka tu. Halafu nikaacha kucheka. Mbona siogopi? Juzi kijana nisiyemjua alisimama hapo hapo na wembe wa kukatia kucha, nikafunga kibanda!

Kisu kikubwa, hofu hakuna. Wembe mdogo, hofu tele. Haleluya! Nimeelewa! (Nadhani.)

Nikataka kuhakikisha. "Baba Shiro, hebu niambie. Kwa nini sikuogopi na hicho kisu?"

Kisu kikasimama hewani. "Kwani nani amekwambia uniogope?"

"Hakuna. Nauliza tu. Unaweza kunidunga, na hunidungi. Kwa nini?"

Akakitazama kisu. Akanitazama mimi. Akakiweka chini polepole, akasogeza kiti chake mbali kidogo. "Mama Tabby, hayo masomo yako wachana nayo."

(Miaka kumi na moja tumekaa bega kwa bega. Maneno mawili matatu tu, urafiki umeyumba. Hata hilo lilikuwa kitabuni, ukurasa uliofuata, lakini nilikuwa sijafika.)

Nikaamua kwenda na kisu changu mwenyewe, mwalimu aone mfano wa kushikika. Nikakifunga kwa gazeti, nikakitia begini kati ya daftari na chapati, nikatembea hadi chuoni huku nikijisomea maneno yangu kama mtoto wa kukariri shairi siku ya wazazi.

Getini kuna soja tumezoeana sana, anaitwa Omosh. Akala alizovaa nimemshonea mimi. Kila siku hufungua begi langu bila hata kutazama ndani, anachotafuta ni chapati. Leo akashika gazeti, gazeti likafunguka.

"Mathe, hii ni nini?"

"Kisu."

"Naona ni kisu. Cha nini?"

Sasa mtu mwenye akili zake angesema ni cha kazi. Na ungekuwa ukweli! Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa mataifa. Nikajibu kwa furaha, "Ni cha kumwonyesha Daktari Wanyonyi!"

Omosh akarudi nyuma hatua moja. "Kumwonyesha nini?"

"Si aliniambia mbele ya watu siwezi? Leo ndiyo siku yake! Leo nitamwonyesha!"

Niliposikia sauti yangu ndipo nikajua yametoka vibaya. Nikajaribu kurekebisha. "Hapana, Omosh, namaanisha namwonyesha tu. Nakitoa mbele ya darasa, halafu namuuliza, unaniogopa ama huniogopi?"

(Huko ndiko kurekebisha kwangu.)

Omosh akashika redio. "Kuna mathe hapa geti ako na kisu. Anasema ataonyesha daktari." Filimbi ikalia. Geti likafungwa. Wanafunzi wakajaa, simu juu. Nikaambiwa niinue mikono, nikainua, na begi langu Omosh akalishikia mbali kwa vidole viwili.

"Omosh, si unanijua mimi?"

"Nakujua, mathe. Lakini leo sijui kama nakujua."

Hilo liliniuma kuliko filimbi.

Daktari Wanyonyi akaletwa. Akasimama nyuma ya nguzo ya geti, lakini nguzo ni nyembamba, kwa hivyo sehemu kubwa yake ilibaki nje. "Mama Tabby! Tatizo ni nini?"

"Ni konstraktivizimu, mwalimu!"

(Mara ya kwanza maishani mwangu kulitamka sawasawa, na mikono iko hewani.)

Akachungulia, akasema, "Eleza. Lakini eleza ukiwa hapo hapo."

Nikaeleza. Nikasema kisu ni kile kile. Kule Kariokor ni chombo cha kazi, hapa getini kimekuwa cha vita. Kisu hakijabadilika, nami sijabadilika, kilichobadilika ni vile mnavyonichukulia. Omosh alikuwa rafiki yangu hadi saa nane na dakika tano, neno moja likanifanya adui, na sasa simwelewi wala hanielewi. "Kwa hivyo mwalimu, mimi nina swali. Mtu akishajengwa kuwa adui, anabomolewaje?"

Machozi yakanitoka. Ya kweli.

Daktari akaishika nguzo kwa mikono miwili. "Hilo hata wenye vitabu hawajakubaliana," akasema. "Umepita, mama. Nenda nyumbani."

"Siingii darasani?"

"Usiingie."

Sasa nisaidieni hapa. Nimepita kwa sababu nimeelewa, au nimepita kwa sababu ameniogopa? Maana kuna wale wengine kitabuni wanaosema mwenye silaha ndiye hupata anachotaka, na mimi ndiye niliyekuja na silaha. Nimewaza njia yote hadi Kariokor. Sijui. Kitenge kitavaliwa, hilo tu ndilo najua.

Kisu changu kimebaki kwa masoja, na nina akala za mteja za kumaliza leo. Ikabidi nimwendee Baba Shiro. Nikamkuta ameinamia simu. Video ilishafika sokoni kabla yangu, imeandikwa juu kabisa: MATHE WA KUONYESHA DAKTARI.

"Baba Shiro," nikasema kwa upole, "niazime kisu chako kidogo."

Akainua macho. "Cha kumwonyesha nani?"

Hatimaye amenipa. Lakini kiti amekisogeza tena, sasa yuko karibu na muuza mikanda, na kila nikikata tairi ananitazama.

Basi nawaomba kwa heshima, msicheke. Kwa sababu mkicheka, wallahi nitawaonye... Hapana. Wacheni tu. Mimi simwonyeshi mtu kitu tena.