Rufaa ya Alama Arobaini na Moja

Mwl. Eliufoo Mgonja (Mstaafu),
Suji, kwa kupitia Makanya,
Wilaya ya Same, Tanzania.

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Wanafunzi wa Kigeni,
Chuo Kikuu cha Halvenstad,
Ulaya ya Kaskazini.

YAH: KOZI MNAZOWAPA WATOTO WA WATU, NA ALAMA 41 ZA BINTI YANGU HONORATA

Ndugu Mkuu,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, nami nahusika zaidi yake.

Poleni na baridi. Sisi hatujambo, mahindi yamefika magotini na ukungu unashuka asubuhi kama kawaida. Nimeambiwa mnaye mwalimu wa Kiswahili hapo chuoni, basi yeye ndiye akusomee barua hii. Asipewe Honorata kuitafsiri. Hajui kama naandika, na akijua atanipigia simu kunisihi niache, na mimi nikisihiwa na yule mtoto huwa naacha.

Mtasikia watu wakisema kwamba Mpare huuza ng'ombe apate kushitakia kuku. Msiwasikilize. Sisi hatukimbilii mahakamani. Huanza kwa barua, na hii ndiyo hiyo barua.

Honorata ni mtoto wetu wa mwisho. Alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa maji hapa nchini alipochaguliwa kuja kwenu mwaka mmoja, asome kisha arudi amalizie. Siku anaondoka kanisa zima lilimwombea, na kwaya ikaimba mpaka gari la Makanya likataka kutuacha. Matokeo yametoka. Kozi nne kafaulu, ya tano kapata arobaini na moja, na kwenu kufaulu ni hamsini. Asipofaulu zote tano, chuo chake cha huku hakitautambua mwaka huo hata kidogo. Rufaa mwisho wake ni Ijumaa ya tarehe thelathini. Ndiyo maana nimeacha palizi, nikashika kalamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Orodha ya kozi. Honorata alinitumia kwenye simu orodha yenu ya kozi wanazoruhusiwa wageni, akanieleza moja moja kwa Kiswahili. Uhandisi wa maji uliomleta, mkamwambia nafasi zimejaa wenyeji. Zilizobaki wazi kwa mgeni zilikuwa Historia ya Baiskeli, Utangulizi wa Ukimya, Jibini na Jamii, na Matembezi ya Milimani. Ndugu Mkuu, mtoto wangu kazaliwa Suji. Amepandisha mlima kutoka Makanya na ndoo kichwani na daftari kwapani, akafika na pumzi ya kuamkia wakubwa. Ninyi mkampa fimbo mbili na mwalimu wa kumwonyesha namna ya kuweka mguu! Hiyo kapata tisini na nane. Bado najiuliza hizo mbili zilienda wapi.

2. Kozi ya tano. Hii iliitwa Mifumo ya Jadi ya Maji katika Milima ya Afrika Mashariki, mwalimu wake Dakta Ulvendal. Tulipofika hapo kwenye orodha mimi na mama yake tulicheka kwa furaha. Nikamwambia chukua hiyo, mwanangu, hiyo utaila kama makande. Kwa faida ya msomaji wako: ndiva ni bwawa letu la udongo. Maji ya kijito hujaa humo usiku kucha, asubuhi kizibo kinachomolewa, maji yanashuka kwa mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Honorata kacheza kandokando ya ndiva tangu hajaota meno ya mbele. Na hii ndiyo kozi aliyofeli. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na miwili, nimeona mtoto wa fundi seremala akikosea kuchora meza, lakini hili sijapata kuliona.

3. Swali la kwanza la mtihani. Mliuliza: katika ndiva ya Suji, nani hufungua maji na kupanga zamu? Honorata akajibu: mama yangu. Mkampa sifuri. Pembeni Dakta akaandika kwamba mwanafunzi asilete mambo ya nyumbani kwao kwenye mtihani. Sasa alete ya nyumbani kwa nani, ikiwa swali limeuliza ya nyumbani kwao? Mkuu wa ndiva yetu ni mke wangu, Victoria, mwaka wa kumi na tisa huu. Zamani kizibo kilikaa kwa wanaume. Kila msimu tukagombana, kila ugomvi ukaenda baraza la kata, na maji nayo yakaenda zake bondeni, hayakutusubiri tumalize kesi. Kikao kikaamua kizibo kikae kwa mtu asiyeogopa mtu wala kupendelea mtu. Zamu yangu mimi mumewe ni Alhamisi saa moja. Mwaka juzi nilifika saa moja na robo, nikakuta maji yameshakwenda kwa jirani. Niliyasindikiza kwa macho, nikarudi nyumbani kunywa chai aliyoipika yeye.

4. Majibu yenu. Kitabu cha Dakta kinasema kwamba ndiva huongozwa na mzee mwanamume, ambaye amri yake haipingwi, na kwamba maji hufika shambani kwake kwanza. Kinasema tena kwamba asiyehudhuria msaragambo, yaani kazi yetu ya pamoja ya kuzibua mifereji, humpelekea mzee huyo mbuzi jike. Honorata aliandika kwamba mtu huyo hurukwa zamu, na akina mama humwimbia wimbo wa kumsuta akipita njiani. Mkamkata tena. Ndugu Mkuu, mimi nina miaka sabini na moja na mbuzi huyo sijapata kumwona. Angekuwepo ningesikia hata mlio wake.

5. Shahidi. Honorata kanisomea kwenye simu kwamba kitabu kinadai habari hizi zilitolewa na "mzee mmoja mwenye kuheshimika sana kijijini". Jina halipo. Mimi ni mwalimu, namjua mtoto anayesema "kuna mtu kaniambia". Wageni tumewapokea wengi hapa na hatukuwadanganya. Miaka minane iliyopita alikuja kijana mmoja mrefu mwenye pua iliyobabuka kwa jua na kinasa sauti shingoni. Alikaa kwangu siku tano. Siku mbili alikuwa mgeni, ya tatu tukampa jembe kama inavyosemwa, na akalima, ingawa alilima na mchicha. Alikula makande sahani tatu tatu. Nilimweleza kila kitu kwa subira. Kama Dakta wenu angesoma alichoandika yule kijana, tusingefika hapa.

6. Mshukiwa. Baada ya kutafakari siku mbili nimemjua mwongo. Ni jirani yangu Melkizedeki. Anapenda sana wageni, anapenda kupigwa picha, na shamba lake liko chini ya langu, kwa hiyo ndoto ya kupata maji kwanza anayo tangu ujana. Jumapili nilimpita mlangoni mwa kanisa bila kumpa mkono. Nimeandaa barua ya pili kwenda baraza la kata ili aitwe, aulizwe mbuzi jike alimla lini na nani. Njia ya mwongo ni fupi, na hii imeishia kwenye mfereji.

7. Mgeni ni nani. Hapa ndipo kiini kilipo. Ninyi mnamwita Honorata mwanafunzi wa kigeni. Lakini katika kozi hii mwenyeji ni yeye, na mgeni ni Dakta. Kwa utaratibu wenu wenyewe mgeni hapewi kozi zilizojaa wenyeji. Basi Dakta hakustahili hata kuingia darasani. Angepelekwa kwenye Utangulizi wa Ukimya, ambako nafasi zilikuwapo.

Kutokana na hayo naomba yafuatayo. Kwanza, Honorata apewe alama zake zote kabla ya Ijumaa. Pili, Dakta Ulvendal arudie mtihani, na aurudie hapa Suji siku ya msaragambo, saa kumi na mbili asubuhi, kwa jembe, msahihishaji akiwa Victoria. Tatu, ndiva yetu iandikwe rasmi kuwa kitivo cha chuo chenu, na wanafunzi wenu waje huku kama wageni, nasi tuwape orodha ya kozi zilizo wazi: Kupalilia, Kubeba Kuni, na Kuamkia Wakubwa. Nne, mzee yule mwenye kuheshimika avuliwe heshima yake kwa maandishi, na nakala niipate mimi niibandike kwenye mbao za matangazo za ofisi ya kijiji.

Naandika kwa ukali, najua. Mtoto huyu akiwa darasa la nne alikuja kwangu analia kwa sababu mwalimu mwenzangu alimkosesha hesabu aliyopata. Nilimwambia, mwanangu, ukiwa na kweli ng'ang'ania, baba nipo. Juzi kwenye simu hakulia. Alisema tu, "Baba, labda mimi ndiye sikuelewa kwetu." Neno hilo limeninyima raha. Mtoto aanze kujiuliza kama anapajua kwao kwa sababu ya kitabu? Hapana, Ndugu Mkuu.

Nisalimie mlinzi wa mabweni aliyempa Honorata koti, mpishi anayemwekea wali Jumatano, na mwalimu wa matembezi, maana hana kosa. Mama Honorata anawasalimu. Kwaya inawasalimu. Melkizedeki hawasalimu, na kama atawasalimu msiitikie.

Wako katika ujenzi wa taifa na uzibuaji wa mifereji,

Eliufoo Mgonja

N.B. Bahasha nilikwisha kuifunga. Nimeifungua mwenyewe.

Jana niliteremka Same mjini kuipeleka posta. Honorata alikuwa amenitumia picha ya ukurasa ule wa kitabu, na kwenye simu yangu maandishi yalionekana kama siafu, basi nikaingia dukani kwa Idrisa, anayechapa na kutoa nakala, aikuze kwenye kompyuta. Juu ya maandishi kulikuwa na picha. Mzee mwenye kuheshimika sana amesimama kwenye ukingo wa ndiva, kidole kakielekeza mashambani kana kwamba maji yanamsubiri yeye aseme. Kavaa koti la kijivu lenye kiraka cha buluu kwenye kiwiko. Idrisa akaiangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia kiwiko changu. Kisha akanivutia kiti.

Chini ya picha imeandikwa kwamba mpigaji ni mwandishi mwenyewe. Dakta Ulvendal ndiye yule kijana wa pua iliyobabuka, ambaye jina lake sikulishika, na Honorata wakati ule alikuwa shule ya bweni. Kumbe alisoma akapata udaktari, na udaktari wenyewe kaupata kwangu.

Nimekumbuka yote. Siku ile Victoria alikuwa kashuka gulioni. Walikuwepo wanaume kutoka Kihurio, wakulima wa mpunga, watu wa maneno mengi, wamekuja kuona ndiva. Kijana akanielekezea kinasa sauti, akauliza mbele yao nani mkuu hapa. Ningesema mke wangu, wangecheka mpaka wafike Kihurio. Nikasema ni mimi. Akauliza nani hupata maji kwanza, nikasema mimi. Nilipoona anaandika kwa bidii nikapata ladha, nikamwongezea mbuzi. Hata leo sijui kwa nini nilisema jike.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, Dakta hana kosa. Alisahihisha sawasawa na alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni mimi. Honorata kafelishwa na baba yake, na picha hiyo kaiona kabla yangu asinitaje. Aliandika kweli akiwa peke yake ugenini, na mimi nilishindwa kuisema nikiwa kwetu, nimesimama pale pale penye ndiva. Nawasihi mpeni alama zake. Sifuri zote zilizobaki niandikieni mimi, nimezifanyia kazi.

Barua ya baraza la kata nimeichoma. Kwa Melkizedeki nilikwenda jana hiyo hiyo na mkungu wa ndizi. Hakuuliza kwa nini. Alisema alidhani Jumapili nilikuwa nimesahau miwani.

Victoria kaisoma barua hii yote, na nyongeza yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akasema alidhani wanaume wa Suji wote wanajua nani mkuu, kumbe kuna mmoja alikuwa hajaambiwa. Zamu yangu imehamishwa kutoka Alhamisi saa moja hadi Jumamosi, nyuma ya Melkizedeki. Sikukata rufaa.

Maombi yangu namba mbili, tatu na nne nayaondoa. Badala yake naomba fomu ya kujiunga na kozi hiyo ya tano, mwaka ujao, kwa njia ya posta. Mimi kwenu ni mtu wa nje, kwa hiyo sifa ninazo.

Jambo la mwisho. Mkichapa kitabu upya, picha msiitoe, koti lile lilikuwa la marehemu kaka yangu. Badilisheni tu maneno ya chini yake. Andikeni: Mwalimu Eliufoo Mgonja, mume wa mkuu wa ndiva.