Farasi Niliyemfungia Chumbani

Leo nimeadhirika, jamani, na ushahidi ninao mkononi. Hautoki kwa sabuni, nimeshajaribu.

Mnaonijua mnajua kwamba ninachora maharusi kwa hina na piko nyeusi, na kwamba humu kwenye kundi letu la Sudoku huwa sishindwi. (Sijisifu. Mnajua wenyewe.) Leo asubuhi nilikwenda Mpendae, kwenye nyumba yenye harusi wiki ijayo. Wakiipenda kazi yangu, nimchore biharusi na jamaa zake wote wa kike. Mwenye kauli ya mwisho ni bibi yake biharusi, Bi Asya. Kazi hiyo naililia tangu Mfungo Mosi.

Nikapewa juisi ya ukwaju, nikaambiwa biharusi anasingwa, anasuguliwa mwili mzima kwa manukato, nisubiri kidogo. Anayeijua singo anakijua hicho kidogo.

Nikafungua simu. Salma alikuwa ametuma fumbo jipya humu kundini: visanduku sita kwa sita, namba moja mpaka sita, hairudiwi namba kwenye mstari. Ila vyumba havikuchorwa! Unavitafuta mwenyewe, vyumba sita, kila kimoja visanduku sita vilivyoshikana, na ndani yake namba hairudiwi. Halafu kuna sharti la sataranji: namba zinazofanana zisiwe mwendo wa farasi, yaani visanduku viwili mbele na kimoja pembeni. Salma akaongeza kwamba hili litanitoa jasho hata mimi.

Mimi? Karatasi sikuwa nayo. Piko nilikuwa nayo. Nikalichora fumbo zima kwenye mkono wangu wa kushoto, chini ya kiwiko, nikawaandikia: "Natatua kwa piko. Sifuti." (Piko haifutiki hata ukijuta.) Baada ya nusu saa nimemaliza, mistari imenyooka, vyumba vimepakana vizuri. Nikapiga picha, nikaituma. Mlinishangilia, na waliopiga makofi nawakumbuka.

Hapo akaingia Bi Asya. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa mkononi mwangu. Akauliza ni nini. Ningesema ni urembo, yangeisha. Lakini nikamweleza masharti yote, kwa sauti ya mwalimu. Akavaa miwani. Akaniambia marehemu mumewe alikuwa akicheza sataranji barazani kila alasiri, kwa hiyo farasi anamjua. Akaushika mkono wangu akautazama.

"Nne hii na nne hii," akasema, "mbona farasi anafika?"

Nikatabasamu. Nikamfahamisha kwa upole kwamba nne moja imo chumba hiki na nyingine chumba cha pili, na farasi hatoki chumbani kwake.

"Mwanangu, si ushanambia chumbani namba hairudiwi? Sasa huyo farasi humo ndani anamzuia nani?"

Nikautazama mkono. Fumbo zima nilikuwa nimemfungia farasi chumbani, na kazi yake yote ni kuruka kuta. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Na biharusi naye ndiyo kwanza anatokea, ananukia singo, shangazi zake watatu nyuma yake.

Bi Asya akawageukia. "Kosa la mkononi mwake hakuliona. La mkononi mwa mtoto wetu ataliona?"

Niliiona kazi inaondoka. Moyo uliniuma kwelikweli. Nikachukua kijiti changu cha piko nikaanza kufunika. Nne zote mbili zikawa maua, mipaka ya vyumba ikawa vikonyo vya asumini, visanduku vikajaa majani. Mkono haukutetemeka hata mara moja. (Hili naomba mliweke akilini pamoja na hayo mengine.) Nilipomaliza, ukimwambia mtu hapo palikuwa na hesabu, hakubali.

Biharusi akasogea, akanigeuza mkono huku na huku. "Bibi, mie nataka huu huu."

Bi Asya akavua miwani. Akasema basi, nipewe kazi, ila kila ua atalikagua yeye kabla piko haijakauka. Kisha akauliza hilo kundi letu la mafumbo mtu anaingiaje.

Kwa hiyo picha ile ya asubuhi mnaweza kuitazama tena, nne zipo pale pale. Anayetaka kucheka acheke kimya kimya. Bi Asya nimeshamuunga, yumo humu anasoma, na ameanza kukagua mafumbo yenu ya zamani.