Cheti cha Kutokuwa Risasi

Inatangazwa kwa wafanyabiashara wote wa Xiaobei, Sanyuanli na mitaa ya jirani hapa China, wa bara na wa visiwani, wa jumla na wa rejareja, kwamba kuanzia Jumatatu ya wiki hii hakuna kifungo cha nguo, kikubwa wala kidogo, kitakachopanda kontena la pamoja bila Cheti cha Kutokuwa Risasi. Kifungo kitakachokutwa hakina cheti kitahesabiwa kuwa risasi mpaka kithibitishe vinginevyo.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni mwa mgahawa wa tambi wa Mtaa wa Dengfeng, chini kidogo ya bei ya supu ya kondoo. Lilitiwa saini na Burhani wa Kariakoo, muuza mapazia, Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Usalama, Uadilifu na Ukaguzi wa Kontena la Pamoja. Zamani, kabla hawajawa Kamati Kuu, hawa walikuwa watu wanane tu wanaochangia kontena moja la kwenda Dar es Salaam na Unguja. Kila mtu alikuwa na kona yake, na kanuni yao ilikuwa moja: sogeza kidogo. Burhani alipokabidhiwa ufunguo wa kufuli ndipo alipouona upungufu. Alikwenda kwa mchonga mihuri, akachongewa miwili kwa dakika kumi, wa duara na wa mraba, na tangu siku hiyo kontena likawa na uongozi.

Ieleweke kwamba Burhani hakuwa mtu wa kukurupuka. Jambo la vifungo alilifikia kwa utafiti. Alikuwa kitandani na mafua, akatazama kwenye simu video ya mzungu mmoja aliyejifungia bandani kwake akitengeneza risasi za nyumbani, zile zenye koti. Kulikuwa na kiini ndani, koti la shaba nje, kalibu ya chuma chini, kalibu nyingine juu, na mkono wa mashine wa kubania. Video ilikuwa ya dakika kumi na nne. Burhani aliitazama mpaka dakika ya sita, usingizi ukamchukua. Hivyo ndivyo Kamati ilivyopata mtaalamu.

Alhamisi ya wiki ile ya tangazo, Bi Mwanakhamis wa Unguja akaleta boksi lake kwenye ghala la Sanyuanli. Bi Mwanakhamis alikuwa mama wa miaka sitini na tatu, mpole, mwenye miwani ya kamba, na alikuwa akija China tangu enzi ambazo Burhani alikuwa bado anaogopa lifti. Burhani alilifungua boksi kwa wembe, akachungulia, akarudi nyuma hatua mbili.

Ndani mlikuwa na mashine ya mkono, ya chuma, imepakwa rangi ya kijani kama mlango wa msikiti. Mkono wake ulikuwa mrefu kama wa koleo, una kirungu chekundu kwenye ncha. Kando yake kulikuwa na kalibu jozi tatu zimefungwa kwenye gazeti, mfuko wa vikombe vidogo vya bati, na mfuko mwingine wa migongo ya vikombe hivyo, kila mmoja na kitanzi chake cha kupitishia uzi.

"Hii ni nini, Bibi?"

"Mashine ya kuvalisha vifungo, mwanangu. Nimeichukua Zhongda, kwenye soko la vitambaa."

"Ina kalibu."

"Ina kalibu tatu. Ya vifungo vidogo, vya wastani na vya makoti."

"Ya makoti," Burhani akarudia, akamgeukia katibu. "Andika hiyo. Amesema makoti kwa mdomo wake."

Katibu wa Kamati alikuwa Mwavita wa Bukavu, mama wa Kikongo, muuza wigi, aliyesoma kwa masista na kuandika herufi zilizosimama wima kama askari. Aliandika.

Bi Mwanakhamis hakubishana. Aliitoa mashine, akaiweka juu ya meza ya mizani, akakata duara la kitambaa cha maua kwa mkasi wa pochini. Akaliweka duara kwenye kalibu ya chini, juu yake akaweka kikombe cha bati, mdomo juu, akasukumia pindo za kitambaa ndani kwa kidole gumba, akaweka mgongo, akavuta mkono. Tak. Akakitoa kitu kidogo cha duara kilichovaa maua.

"Kifungo," akasema.

"Kwa sasa," akasema Burhani.

"Kwa sasa vipi?"

"Bibi, risasi yoyote kabla haijawa risasi ni kitu kingine. Kamati haitazami kitu kilivyo. Inatazama kitu kinavyoweza kuwa."

"Basi hata wewe ukikaguliwa hutopanda hilo kontena."

Rahim, mjumbe wa Kamati, ambaye kazi yake ilikuwa kuunga mkono, alicheka, akatazamwa, akaunga mkono.

Bi Mwanakhamis akaeleza haja yake mara moja tu, kwa kituo. Binti yake, Hasna, ana cherehani tano pale Mwanakwerekwe. Amechukua kazi ya sare za harusi, nguo mia na themanini, na kila nguo ina vifungo kumi na kimoja mgongoni, vya kitambaa kilekile. Harusi ni Idi mosi. Mpaka leo Hasna anavalisha vifungo kwa sindano, kimoja kimoja, na viungo vya vidole vimemvimba hata kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Kontena linafungwa Jumamosi saa sita mchana. Linalofuata ni baada ya siku arobaini, na Idi haitangoji.

"Kamati imesikia," akasema Burhani. "Kamati ina moyo. Ndiyo maana imeandaa fomu."

Fomu zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa Tamko la Kukana Risasi. Ya pili ilitaka picha ya kila kalibu ikiwa imetazama mbele, na nyingine ya ubavuni, kama za pasipoti. Ya tatu ilimtaka mwombaji aeleze kwa nini kifungo chake ni cha mviringo. Bi Mwanakhamis alivuta kiti, akavaa miwani, akajibu kwamba cha pembe nne kinachana tundu. Ya nne ilihitaji saini ya mtaalamu wa risasi anayetambuliwa na Kamati.

"Mtaalamu ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi saini, mwanangu."

"Siwezi kusaini bila kujiridhisha kwamba mashine haiwezi kutoa risasi yenye koti."

"Utajiridhisha vipi?"

Burhani akaigeuza fomu ya nne kutazama kama nyuma pameandikwa. Bi Mwanakhamis akakunja mkasi wake kwenye leso, taratibu.

"Hebu itengeneze," akasema. "Mashine hii hapa, na mtaalamu ni wewe. Ukiitoa risasi, mimi naiacha mashine yangu hapa hapa na sitolalama. Ukishindwa, inapanda Jumamosi. Bi Mwavita, andika."

"Naandika tu bile munasema," akasema Mwavita. "Kuongeza hapana, kupunguza hapana."

Burhani alikubali. Alikuwa akishika cheo mwezi wa tatu, na hakuwa amewahi kusikia cheo kikisema hapana. Kwa uzito wa jambo, akaagiza papo hapo Kanuni ya Saba: yeyote atakayebainika kutengeneza risasi, awe na cheo asiwe na cheo, mzigo wake wote utatolewa ghalani, na mwenye ghala atajulishwa siku hiyo hiyo kwa maandishi. Maneno "awe na cheo asiwe na cheo" aliyaongeza mwenyewe kwa sababu yalikuwa matamu mdomoni.

Jaribio la Kitaifa, kama lilivyoitwa, lilifanyika Ijumaa baada ya sala, kwenye meza ya nyuma ya mgahawa wa tambi. Burhani alikuja amevaa glavu za kuoshea vyombo na miwani ya kuogelea. Wajumbe waliombwa kukaa umbali wa meza mbili. Mwenye mgahawa aliomba kujua kama watakula.

Ilibainika mapema kwamba Kamati haina shaba. Burhani akaamua kwamba karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara ina sifa zote za koti. Kuhusu kiini, video ilikuwa imefika hapo wakati yeye amekwisha lala, kwa hiyo Kamati ikatumia dengu. Ilichukuliwa moja, kavu, kutoka kwenye gunia la jikoni, ikapimwa kwa rula.

Mara ya kwanza dengu iliruka ikampata Rahim shingoni. Hilo liliandikwa kama dalili njema. Mara ya pili Burhani alibana kidole, akatangaza mapumziko ya dakika moja kwa sababu za kiusalama. Mara ya tatu alining'inia kwenye mkono wa mashine kwa uzito wake wote, miguu ikaachana na sakafu, na ndani ya kalibu kukasikika kitu kinasagika.

Kilichotoka kilikuwa kikavu, bapa, cheupe, kimepasuka upande mmoja, na unga wa manjano ulikuwa ukimwagika kwenye mpasuko.

Bi Mwanakhamis alisogea, akakitazama juu na chini, akarudi kitini.

"Umeshindwa, mwanangu," akasema kwa upole. "Si kitu. Kazi ya mikono inataka mikono."

Pengine angesema kwa ukali mambo yangeishia hapo. Lakini upole ule, mbele ya wajumbe saba na mpika tambi, Burhani hakuweza kuumeza. Alivua miwani ya kuogelea. Macho yalikuwa na duara mbili nyekundu.

"Wapi nimeshindwa? Hii ni risasi."

"Hii?"

"Risasi ya awali. Yenye koti. Katibu, andika: Leo, saa tisa na dakika ishirini, Mwenyekiti ametengeneza kwa mkono wake risasi moja yenye koti, mbele ya mashahidi."

"Président, niandike ni wewe?" akauliza Mwavita. "Ao niandike Kamati?"

"Niandike mimi. Kamati ilikuwa imekaa meza mbili nyuma."

Rahim akaunga mkono. Burhani akasaini, akagonga muhuri wa duara, na kwa kuwa lilikuwa jambo kubwa, akagonga na wa mraba. Mashine ikafungwa kwa utepe ikabaki mikononi mwa Kamati. Bi Mwanakhamis akachukua mkoba wake. Ilibidi ampigie simu Hasna, na alishuka ngazi polepole sana, akitafuta neno la kuanzia.

Mwavita alibaki, akaisoma Kanuni ya Saba mara mbili, akafunga kalamu. Saa kumi na moja kasoro alikuwa ndani ya metro kwenda Sanyuanli, karatasi ya Mwenyekiti na Kanuni ya Saba zikiwa ndani ya bahasha ili zisikunjike.

Laoban Lin, yaani Bosi Lin, mwenye ghala, alikuwa na Kiswahili cha mizigo, kinachotosha kusema "funga", "fungua" na "hapana leo". Aliipitisha simu yake juu ya karatasi, simu ikatafsiri. Akaisoma. Akaipitisha tena. Kisha akatoka nje mwenyewe, na vifurushi sitini na viwili vya mapazia vikaanza kutoka ghalani kimoja kimoja na kupangwa kandoni mwa barabara. Nafasi ile ya kontena akawapa Wakongo wa ghorofa ya nne, waliokuwa wakingoja zamu, masufuria yao yakapakiwa jioni ile ile.

Jumamosi saa tatu asubuhi Burhani alifika akikimbia, sandali moja mkononi.

"Laoban, mzigo wangu."

"Wewe tengeneza risasi," akasema Lin. "Bu xing, hapana. Mimi ita polisi sasa."

"Risasi gani, rafiki yangu? Ile ni dengu."

"Karatasi sema risasi. Muhuri mbili."

"Muhuri nimechongesha mwenyewe pale Dengfeng."

Lin aliandika hilo nalo kwenye simu. Burhani akaona kwamba anazidi kujieleza vibaya. Wakati huo Bi Mwanakhamis alikuwa amefika kuulizia kama kuna kontena la mtu mwingine, lolote, hata la kupitia Mombasa. Lin alimjua kwa miaka mingi. Akamwita, akamwekea kiganjani kile kitu cha Jaribio, ambacho Mwavita alikuwa amekiambatisha kwa pini kama kielelezo.

"Mama. Hii nini?"

Bi Mwanakhamis akavaa miwani. Akakwangua karatasi kwa ukucha, akanusa unga, akaulamba kidogo.

"Dengu," akasema. "Ya dukani. Ya mwaka jana."

"Yeye weza tengeneza risasi?"

Burhani alimtazama kwa macho ya mtu anayezama. Bi Mwanakhamis akafuta unga kidoleni kwa leso.

"Mimi sina saini ya mtaalamu," akasema. "Muulize yeye mwenyewe, na aandike."

Lin akaona ni sawa. Akatoa karatasi. "Andika: mimi tengeneza risasi hapana. Mimi tengeneza kitu hapana."

"Niandike 'kwa sasa'," akasema Burhani.

"Bu xing. Kitu hapana. Kitu yote."

Basi ikaandikwa, saa nne na dakika arobaini: Mimi Burhani, Mwenyekiti na Mtaalamu, nathibitisha nikiwa na akili timamu kwamba nilishindwa kutengeneza risasi, na kwamba sina uwezo wa kutengeneza kitu chochote. Lin akaonyesha mahali pa muhuri wa duara, kisha pa mraba.

Mwavita alifungua daftari, akasoma ahadi ya Alhamisi kwa sauti ya misa: akishindwa, mashine inapanda. Lin akanyoosha kidole kwenye kontena. Mashine ya kijani ikaletwa kwa teksi kutoka Xiaobei, utepe ukakatwa, ikabanwa kati ya masufuria mawili ya Wakongo. Bi Mwanakhamis akaifunika kwa kanga yake ili kirungu kisikwaruzike, akapiga picha, akaituma kwa Hasna bila neno. Saa sita kasoro dakika tano mlango ukafungwa.

Nje, mlinzi wa mtaa alikuwa amesimama kando ya vifurushi sitini na viwili. Alimpa Burhani saa moja kuviondoa. Vitu haviruhusiwi kukaa kandoni mwa barabara bila barua yenye muhuri.

Burhani alipata nguvu kidogo. Mihuri alikuwa nayo mfukoni.

"Mwavita, fanya haraka. Andika barua ya kuomba saa mbili, nisaini."

Mwavita alimtazama kwa huruma ya kikazi, akageuza daftari kumwonyesha mstari.

"Haiwezekani, Président. Umesaini kama hauwezi kutengeneza kitu chochote." Akafunga daftari. "Na barua ni kitu."