Kikohozi cha Mwalimu wa Mbwa

Jumatatu, Machi 3

Aibu. Aibu tupu! Nimerudi kutoka uwanjani nimeshika viatu mkononi, na bado mbwa wa jirani amenifuata mpaka mlangoni.

Chanzo ni Kinyozi. Mimi ndiye niliyemfundisha huyu mtu kukimbiza mbwa kwenye vikwazo. Alikuja kwenye chama chetu hajui mbwa anaingilia upande gani wa bomba. Na Doa, mbwa wake mwenye sikio moja na asili isiyojulikana, aliruka kiunzi kwa kupita chini yake. Leo wawili hao wanakwenda kama maji ya mteremkoni. Na Mama Mwenyekiti ametangaza kwamba mwaka huu kocha wa timu hachaguliwi kwa mvi. Kati yangu na Kinyozi, atakayemshinda mwenzake Jumamosi ya wiki ijayo ndiye kocha.

Lakini kocha ni mimi! Ni mimi tangu enzi za viunzi viwili na kamba ya kuanikia nguo!

Basi nikapaka viatu mafuta ya maini, ili Kishada, mbwa wangu, asiache miguu yangu. Hakuiacha. Alibandika pua kwenye kisigino changu, tukapita kando ya kila kiunzi kama watu wawili wanaokwenda posta. Kisha mbwa wengine wakapata habari. Nilizungukwa. Nilipigwa mweleka na mbwa asiyefika gotini. Mwenyekiti akauliza kama nimekanyaga kikaango nyumbani. Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Siku zote nawaambia wanafunzi wangu: mbwa hasikilizi mdomo, mbwa anasoma mwili. Leo mwili wangu umesomeka maini.

Jumanne, Machi 4

Nimepata wazo! Limenijia nikipiga mswaki.

Mbwa unaweza kumfundisha kulala chini kwa ishara yoyote. Kwa mkono, kwa mluzi, hata kwa kukohoa. Na nani atamshuku mzee anayekohoa? Doa akiwa katikati ya mbio, mimi nimesimama pembeni, koo linaniwasha kidogo... kwishney.

Nimemjaribu Kishada kwanza, jikoni. Kohoa, lala, kipande cha ini. Kohoa, lala, kipande cha ini. Kabla chai haijachemka alikuwa ameshika somo. Kipaji cha kufundisha hakizeeki! Mke wangu amechungulia mlangoni akauliza ninaumwa nini. Nimesema vumbi. Ametazama sakafu yake, aliyotoka kuipiga deki, kisha akanitazama mimi.

Ijumaa, Machi 7

Nimenyolewa kichwa juzi. Jana nimenyolewa ndevu. Leo sikuwa na kitu cha kunyoa, nikamwambia Kinyozi anitengeneze nyusi.

Kazi yenyewe inakwenda vizuri mno. Doa hukaa chini ya kiti cha wateja. Mimi nafunikwa lile shuka mpaka shingoni, na chini ya shuka mkono wangu unashuka polepole na kipande cha ini. Nakohoa. Doa analala. Anapewa. Kinyozi anajadiliana na mteja mwingine kuhusu mvua, haoni kitu.

Tatizo ni moja. Kinyozi anasikia. Leo amezima mashine katikati ya unyusi wangu wa kulia akasema, "Mwalimu, hicho kikohozi sikipendi." Amenifunga taulo la moto shingoni. Amefunga dirisha nisipigwe na upepo. Amewaambia wateja wote, "Huyu mnayemwona ndiye aliyenitoa gizani. Baada ya kumzika mke wangu nilikuwa siongei na mtu, naongea na mbwa tu, na Mwalimu akaja akaniambia basi njoo uongee naye uwanjani, angalau atapata mazoezi."

Wateja wakanitazama kwa heshima. Mkono wangu ulikuwa chini ya shuka, umejaa mafuta na mate ya mbwa.

Nimetoka pale nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nimekusudia kuacha. Kwa kweli nilikusudia! Lakini nikapita uwanjani nikaona wamebandika tangazo la mashindano, na chini yake jina la kocha limeachwa wazi. Nafasi tupu. Kama jino lililong'olewa. Nikarudi buchani.

Jumanne, Machi 11

Doa sasa analala hata nikisafisha koo tu. Fundi ni fundi.

Nimeota Kinyozi ananishukuru. Nimeamka nimelowa jasho.

Mke wangu anauliza mbona maini hayakai siku hizi ndani ya nyumba hii. Nimejibu kwamba Kishada anahitaji damu. Akasema afadhali Kishada, kuna wengine wanahitaji haya usoni. Sikuuliza ana maana gani. Kwa mke wangu ukiuliza, utajibiwa.

Jumamosi, Machi 15

Naandika nimejifungia chooni. Ndipo mahali pekee palipobaki ambapo sitaonewa huruma.

Nianze mwanzo. Uwanja umejaa. Jua kali, vumbi. Kinyozi kapangwa kabla yangu. Akaja kwangu na Doa, akaniamkia shikamoo kwa mikono miwili, akaniomba nimshike Doa kichwa, nimpe baraka. Nikamshika. Doa akaniramba vidole kimoja kimoja. Alikuwa anatafuta ini, maskini. Kinyozi akasema unaona, Mwalimu, anakupenda kama babu yake.

Nikajiapiza sitakohoa. Nilisogea mpaka mwisho wa kamba, nikafumba mdomo, nikashika shavu kama mwenye jino bovu.

Filimbi! Na Doa akaruka. Jamani. Nimeona mbwa wengi maishani, lakini vile? Kiunzi, kiunzi, bomba, akatokea upande wa pili kama kokwa iliyotemwa. Kinyozi hakupiga kelele hata mara moja. Bega tu, mkono tu, kama nilivyomfundisha. Nami nilijua, kabla hajafika kwenye daraja la mbao nilijua kabisa, kwamba mimi sijawahi kukimbia hivyo, hata nikiwa kijana mwenye magoti mapya.

Nikakohoa.

Hakuna aliyenilazimisha. Vumbi halikuwa na hatia. Nilivuta pumzi, nikakohoa.

Doa akalala. Juu kabisa ya daraja, kidevu kwenye mikono, kama bwana mkubwa kwenye kochi. Watu wakaangua kicheko. Kinyozi alikuwa na nafasi ya kumwita mbwa wake. Sekunde zilikuwapo, bado angeshinda. Lakini hakumtazama mbwa. Alinitazama mimi. Akaruka kamba, akatoka uwanjani, na kutoka uwanjani ni kuondolewa mashindanoni, kila mtu anajua. Akaja mbio na chupa ya maji akisema, "Mwalimu! Mwalimu, kaa chini, kaa chini!"

Ikabidi niendelee kukohoa. Ungeachaje hapo?

Akanishika mgongo. Akawaambia watu kwamba hata mbwa amesikia uchungu, amelala kwa huzuni. Mama mmoja akajifuta machozi.

Ikafika zamu yangu. Kinyozi akanisihi nisikimbie. Umati ukapiga makofi kwa ajili ya mgonjwa jasiri. Kishada akaanza vizuri, kiunzi cha kwanza, cha pili, akaingia kwenye fito akipinda kama sindano kwenye kitambaa. Kisha bibi wa duka la vitambaa, anayengoja zamu yake na vumbi limemjaa puani, akakohoa.

Kishada akalala kwenye fito. Na nje ya kamba, miguuni pa Kinyozi, Doa naye akalala. Wote wawili kwa pamoja! Wakainua macho, wakanitazama mimi, wakingoja ini. Nikamwita Kishada mpaka muda ukaisha, hakunyanyuka.

Watu walicheka tena. Mke wangu, aliyekaa mstari wa mbele, hakucheka. Alimtazama Kishada. Akamtazama Doa. Kisha akanitazama, polepole, kuanzia nyusi.

Kikombe kachukua bibi wa vitambaa na kale kambwa kake kanene kanakotembea kama kanakwenda kuamkia wakwe. Mwenyekiti akasema kati yetu wawili hakuna aliyemaliza, basi nani awe kocha? Kinyozi akanyoosha mkono. Alisema ukocha ni wa Mwalimu. Alisema hawezi kupokea kiti cha mzee wake wakati mzee ni mgonjwa, yeye atabeba viunzi tu. Wote wakapiga makofi.

Nimeshinda. Mke wangu anagonga mlango wa choo. Sitoki.

Jumapili, Machi 16

Kinyozi amekuja nyumbani. Kaleta tangawizi, asali, limau, na shuka zito alilokuwa akijifunika marehemu mkewe. Amesema linashika joto vizuri. Amenifunika yeye mwenyewe. Saa sita mchana, jua linachoma bati, mimi nimefunikwa shuka la marehemu natoka jasho. Doa kaja kukaa karibu na mkono wangu. Sikuthubutu kupumua kwa nguvu.

Mke wangu alimkaribisha chai, akamwita mwanangu, akamwuliza habari za kazi. Kinyozi alipoondoka, mke wangu akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Umemfundisha mbwa wa watu kulalia kikohozi chako cha aibu. Nenda kamwambie yule kijana ukweli." Nikasema ni vigumu. Akasema ulimi hauna mfupa, sasa huo wako umevunjika wapi?

Nimelia kidogo. Shuka lilikuwa karibu, nikafutia. Kisha nikakumbuka ni la nani.

Nimeamua. Nitasema ukweli. Wote, bila kupunguza.

Jumanne, Machi 18

Nilikwenda. Hilo liandikwe: nilikwenda kwa miguu yangu.

Nilipanga maneno njiani. Kinyozi, nilikutendea ubaya. Mafupi, ya kiume. Lakini kufika tu akanikalisha kitini, akanipaka povu, na nilipofungua mdomo wembe ulikuwa kooni. Nauliza: mtu mwenye akili anamwambia kinyozi ukweli wembe ukiwa kooni? Nikangoja amalize. Alipomaliza akanipangusa uso kwa mikono yote miwili, taratibu, kama mtu anayempangusa baba yake, akasema anamshukuru Mungu kikohozi kimepoa. Maneno yangu yote yakaporomoka. Nilijiona mdogo kuliko nywele zile sakafuni.

Nikafungua mdomo. Nikasema nimeumia mguu.

Sijui uongo huo ulitoka wapi! Ulitoka tu. Lakini ulipokwisha kutoka nikaona ulivyo mzuri. Nikamweleza kwamba mguu huu hautanibeba tena uwanjani, daktari amekataza, basi ukocha uchukue wewe mwanangu, nakukabidhi. Amepata haki yake, sivyo? Haki yote, bila mtu kuumizwa moyo! Ukweli ungempa nini zaidi ya hapo? Kinyozi alilia. Nami nililia. Mteja aliyekuwa akisubiri zamu akalia.

Kisha akasema kila asubuhi atapita kunisindikiza matembezini, nimshike bega, mguu usikakamae. Kila asubuhi! Atakuja na rafiki yake mmoja mchua viungo. Sawa. Mtu akipanga vizuri hashindwi na mchua viungo. Nimeshanunua bandeji na mkongojo, nimerudi nyumbani nikichechemea njia nzima, majirani wananipa pole.

Mke wangu alinifungulia mlango. Akatazama mkongojo, akatazama bandeji. Akauliza mbona pale dirishani ameniona nikichechemea kwa mguu wa kushoto, na kufika mlangoni ni wa kulia.

Nitaweka alama kwenye kiatu.