Yah: Hali Nzuri Iliyomo Kwenye Faili Langu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi pia ni mzima kabisa na sina neno, isipokuwa maumivu yaliyo chini ya mbavu za kulia, ambayo tangu mwezi wa pili hayaniachi nivute pumzi sawasawa. Fomu yenu ya malalamiko inaruhusu kila mgeni alalamike kwa lugha yake. Kwa ukarimu huo, asante.

Mimi ni mpiga pasi wa hoteli. Kazi yangu ni kulisha mashuka kwenye mashine ya kunyoosha, nikiwa nimesimama zamu nzima. Nina miezi saba katika nchi hii. Nakaa na wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyenitangulia kwa miaka kumi na asiyeacha siku ipite bila kunikumbusha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ziara ya kwanza, muuguzi wenu alinikalisha, akaweka simu mezani ili mkalimani asikike, akauliza hali yangu. Nikajibu, "Nzuri, namshukuru Mungu." Mheshimiwa, ulitaka nijibu nini? Hata jina lake sijalijua, nimvamie na mambo ya tumbo? Nilikuwa nangoja salamu ziishe ndipo niseme kilichonileta, kama mtu aliyelelewa. Yeye akafurahi, akaandika neno moja kwenye kompyuta, akanishukuru kwa kuja, akanifungulia mlango nitoke. Sikuwa nimefungua hata vifungo vya koti.

2. Ziara ya pili nilikwenda nimejiandaa. Salamu nilizifupisha: nikamuuliza muuguzi habari za kwake, za watoto na za kazi, basi. Lakini mkalimani nilimtambua kwa sauti, nami siwezi kumpita mtu kama nguzo, nikamuuliza wazazi wake wanaendeleaje. (Baba yake anasumbuliwa na mguu.) Dakika kumi nilizopangiwa zikaisha. Kwenye faili mkaandika kuwa mgonjwa ni mchangamfu.

3. Ziara ya tatu, nyuso za ukutani. Mmebandika picha za nyuso kumi, ya kwanza inacheka, ya kumi inalia machozi, na mgonjwa huonyesha iliyo yake. Mimi nimezaa watoto wawili na jirani wa ukuta mmoja hakusikia hata mguno. Leo nikaunyooshee kidole uso unaolia, mbele ya muuguzi wa umri wa mdogo wangu wa mwisho? Nikaonyesha wa tatu, na hapo niliona nimejidekeza. Mkanipa vidonge vya maumivu na ushauri wa kunywa maji.

4. Siku nilipoinama kazini nikashindwa kuinuka, msimamizi wangu alinileta kwa gari lake, shuka la hoteli likiwa bado mkononi mwangu. Daktari akaniinamia kitandani, akauliza hali. Nikasema, "Nzuri, sijui wewe?" Akatabasamu, akaenda kwa bwana wa kitanda cha pili, aliyekuwa akipiga kelele kwa ajili ya kidole. Mimi nikapewa tarehe ya kupigwa picha ya tumbo: baada ya miezi minane, kwa kuwa faili langu halijawahi kuonyesha hali mbaya.

Wifi anasema kosa ni langu. Mficha maradhi, anasema, kilio kitamfichua. Nimeficha nini? Maradhi nimeyaleta kwenu mara nne, tatu kwa miguu yangu na moja kwa gari la watu. Yeye miaka kumi ya huku imemharibu. Ukimuuliza habari za asubuhi anakueleza, kuanzia kifundo cha mguu mpaka meno, na majirani siku hizi wanashukia ngazi za nyuma.

Ila nitasema kweli, kwa kuwa hii ni barua na hunioni uso. Naogopa. Mama yangu aliumwa hapa hapa, chini ya mbavu za kulia. Kila aliyekuja kumjulia hali alijibiwa "sijambo", na asubuhi ya siku aliyofariki alimjibu hivyo hivyo muuza maziwa. Watoto wangu wako nyumbani na baba yao, wanangoja nimalize mwaka niwalete. Sitaki wafike huku wapokewe na wifi peke yake.

Kwa hiyo naomba wauguzi wafundishwe kuuliza mara tatu. Swali la kwanza ni salamu, la pili ni adabu, la tatu ndilo la ugonjwa. Pia mumwajiri Afisa Salamu, akae mlangoni na viti viwili na birika la chai, amalizane na mgonjwa habari zote za nyumbani, ndipo amkabidhi kwa daktari akiwa amebaki na ugonjwa mtupu. Afisa huyo asipopatikana, daktari asituulize chochote, atubonyeze tu. Tumbo halina adabu, litasema lenyewe. Na kuanzia sasa, kila anayesema hali yake ni nzuri alazwe papo hapo, na wanaopiga kelele wakanywe maji.

Nisalimie muuguzi, bwana wa kidole, mkalimani pamoja na baba yake, na mlinzi wa getini, ambaye hakuniuliza kitu, alinitazama tu akanivutia kiti.

Wako katika maumivu yasiyo ya haraka,
Mpiga pasi, zamu ya asubuhi

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha simu ikalia. Ni karani wenu wa miadi, na mkalimani yule yule. Kuna mtu ameghairi, nafasi ya picha ipo kesho saa tatu asubuhi, nao wanatafuta anayeihitaji zaidi. Akauliza naendeleaje. Mkalimani akatafsiri, kisha akaongeza la kwake kwa sauti ya chini: "Dada, usiwe na haraka ya kujibu." Nikajibu, "Naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Na mzee, mguu vipi?" Karani amefurahi sana kusikia hivyo, na nafasi amempa mwingine. Wifi ameketi sakafuni, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Tafadhali karani asilaumiwe, ila mwambie apige tena. Amebakiza mara mbili.